Nyumba ya Jirani Yenye Jina Letu

Mtu akitoka Riverdale Park na kufuata barabara ya Baltimore Avenue kuelekea kaskazini, baada ya maili mbili hivi huwa amekwisha fika Chuo Kikuu cha Maryland pale College Park. Akiingia ndani na kuulizia jengo kubwa la wanafunzi liitwalo Stamp, ataonyeshwa jirani yake jengo jingine, dogo zaidi, lenye jina ambalo kila mmoja wetu hulisoma mara mbili: Nyumburu.

Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyekuja kutoka Tanga kumtazama mwanawe, alipoonyeshwa jina hilo aliuliza kama hapo ndipo chuo kinapofugia nyumbu. Vijana walicheka mpaka machozi yakawatoka, lakini swali la mzee lilikuwa la haki kabisa, kwani sikio la Kiswahili haliwezi kusikia vingine. Jina hilo limeundwa kwa maneno yetu mawili, nyumba na uhuru, yakakatwa na kuungwa kama fundi anavyounga mbao. Maana yake, kwa maelezo ya wenyewe, ni Nyumba ya Uhuru. Wako kati yetu wanaosema kwamba Kiswahili hakiungwi namna hiyo. Hao wakumbuke jinsi Tanganyika na Zanzibar zilivyokatwa na kuungwa mwaka 1964 hata likapatikana jina la Tanzania, na leo hakuna anayeona ajabu.

Kamati ya kitabu hiki imezoea kutenga kurasa zake kwa ajili ya harusi, akika, ubatizo, mahafali na tanzia. Safari hii wazazi kadhaa waliomba yaandikwe pia mambo ya zile shughuli ambazo watoto wetu hualikwa chuoni, zinazoitwa za utofauti na ushirikishwaji wa watu wa kila asili. Wengine waliomba kwa kuwa wanazipenda, na wengine kwa kuwa zinawatia wasiwasi. Hawa wa pili ni wengi kuliko wanavyokubali kusema mbele za watu, na makala haya yameandikwa hasa kwa ajili yao.

Ekari za Calvert

Habari za chuo kile zimeanzia hapa hapa kwetu, na wakazi wengi wa mji huu hawalijui jambo hilo. Lile jumba kubwa la kale liitwalo Riversdale, ambalo siku hizi ni makumbusho, lilijengwa kati ya mwaka 1801 na 1807. Aliyeanza kulijenga alikuwa mhamiaji kama sisi: Henri Stier, tajiri wa Antwerp nchini Ubelgiji, aliyewakimbia askari wa mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1794 pamoja na jamaa zake na shehena ya picha za thamani, zikiwamo za mchoraji Rubens. Yeye alirudi kwao mwaka 1803. Binti yake Rosalie akabaki, maana alikwisha olewa na George Calvert. Barua alizowaandikia jamaa zake ng'ambo zimehifadhiwa na kuchapishwa, na mtu akizisoma atadhani ni za mmoja wa mama zetu: habari za watoto, bei ya tumbaku, hamu ya kuonana.

Hata hivyo, mikono iliyolima shamba lile na kulitunza jumba ilikuwa ya watumwa. Mwana wa Rosalie, Charles Benedict Calvert, alimiliki watu pamoja na ardhi. Ndiye aliyekuwa mbele katika juhudi za kuanzisha chuo cha kilimo cha Maryland, kilichopata hati yake mwaka 1856, na zaidi ya ekari 400 za kukijengea zilitoka katika milki yake ya Riversdale. Chuo hicho ndicho kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Maryland.

Miongoni mwa watu aliowamiliki alikuwamo mmoja aitwaye Adam Francis Plummer. Mtu huyu alijua kusoma na kuandika, jambo lililokuwa nadra na la hatari kwa mtumwa. Alioa mwaka 1841 mwanamke aliyekuwa mtumwa wa shamba jingine, na tangu mwaka huo akawa na daftari lake la kuandikia: nani kazaliwa, nani kafa, nini kimenunuliwa, nani kachukuliwa kapelekwa wapi. Mkewe alihamishwa kwa amri ya waliommiliki, watoto wakatawanyika, na binti mmoja akauzwa mpaka New Orleans. Kaka yake ndiye aliyemfuata huko kumrudisha vita vilipokwisha. Daftari hilo linahifadhiwa katika makumbusho ya Anacostia, Washington. Sisi tunaotoa kitabu cha familia kila mwaka tukijivuna kwamba hakuna majirani wengine wenye desturi hiyo, tulitanguliwa na Mzee Plummer kwa zaidi ya miaka mia na ishirini, naye aliandika kwa siri.

Nasi wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika koo zetu wapo ambao mababu zao waliuza na wapo ambao mababu zao waliuzwa, na sikukuu ya Idi wote hukaa kwenye mkeka mmoja wakila sinia moja. Mambo hayo hatuyataji. Labda ndiyo maana tunaona tabu kukaa katika ukumbi ambamo watu wengine wanayataja kwa sauti.

Mlango ulifunguliwa na nani

Chuo hicho kilikaa karibu miaka mia moja bila kumpokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja wa shahada ya kwanza. Pigo la kwanza lilipigwa Baltimore, katika shule yake ya sheria. Kijana Donald Gaines Murray alikataliwa kwa ajili ya rangi yake. Mawakili Charles Hamilton Houston na Thurgood Marshall wakaipeleka kesi mahakamani mwaka 1935 na kushinda, na mwaka 1936 mahakama ya rufani ya Maryland ikaithibitisha hukumu. Marshall mwenyewe, mzaliwa wa Baltimore, ilimbidi asome sheria Howard kwa sababu mlango wa jimbo lake ulikuwa umefungwa. Baadaye alikuwa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani. Hiram Whittle aliingia College Park mwaka 1951, wa kwanza katika shahada ya kwanza. Elaine Johnson alimaliza mwaka 1959, naye ni mwanamke Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Leo kuna bweni lenye majina ya hao wawili, na watoto wetu hulala humo bila kujua ni ya nani, kama watoto wanavyolala popote.

Rais wa chuo wa miaka hiyo, Harry Byrd, aliyeongoza tangu 1936 hadi 1954, alikuwa mtetezi wa ubaguzi, na uwanja wa mpira uliitwa kwa jina lake mpaka Desemba 2015 ulipobadilishwa baada ya wanafunzi kudai. Mwezi mmoja kabla ya hapo ulikuwa umezinduliwa uwanja wa Frederick Douglass, mzaliwa wa Maryland aliyetoroka utumwani, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Mwaka 2022 lilifunguliwa bwalo la chakula liitwalo Yahentamitsi, neno la lugha ya Wapiscataway, wenyeji wa ardhi hii kabla ya Calvert na Stier na sisi, na maana yake ni mahali pa kwenda kula. Napenda jina hilo kuliko yote. Halikupambwa.

Sasa turudi kwa Nyumburu. Kituo hicho cha utamaduni kilianzishwa mwaka 1971, miaka ishirini tu baada ya Whittle kuingia. Wanafunzi Weusi walikuwa wachache, nao walitaka mahali pa kukutania, kuimba, kusoma mashairi yao na kupumua. Jengo la sasa walilipata mwaka 1996. Mtu atauliza: kwa nini Kiswahili, ilhali wengi wa mababu za watu hao walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambako pwani zake hazikujua Kiswahili?

Jibu liko katika miaka yenyewe. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru 1961 na Kenya 1963. Malcolm X alipita Zanzibar na Dar es Salaam mwaka 1964. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967 na kusomwa huku kama lilivyosomwa kule. Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa huko California mwaka 1966 kwa maneno ya Kiswahili tupu. Watu ambao lugha za mababu zao zilikuwa zimefutwa vinywani walitafuta lugha ya Kiafrika isiyo mali ya kabila moja wala ya mkoloni, wakaiona hii yetu. Hawakutuomba ruhusa, na nani alihitaji kuombwa? Walikuwa wakiitunza wakati wengi wetu tulikuwa tukiwachapa watoto wazungumze Kiingereza.

Wala si Maryland peke yake. Chuo cha Cornell kina bweni liitwalo Ujamaa tangu 1972, na Brown wana nyumba yao ya Harambee. Kule Pennsylvania kituo cha wanafunzi Weusi kinaitwa Makuu, jina ambalo shangazi mmoja wa Mombasa alilisikia akauliza, “Ndio wamejiita wenye makuu wenyewe?” Wao walikusudia mambo makubwa ya kutamaniwa, na kamusi iko upande wao, lakini nakiri, hata mimi nilimcheka shangazi kwa kumuunga mkono.

Kanzu ya Goban

Kuna kisa kimoja cha Maryland ambacho ningependa kila mzazi wetu akijue kabla hajamwambia mtoto neno lolote juu ya Wamarekani Weusi.

Mwaka 1961 mabalozi wa nchi mpya za Afrika walikuwa wakisafiri kwa gari kati ya New York na Washington kwa njia ya barabara nambari 40, inayopita katika jimbo hili. Hoteli za njiani ziliwakataa. Balozi wa Chad alinyimwa kikombe cha kahawa, habari zikafika kwa Rais Kennedy, serikali ikafedheheka. Basi mwezi wa Agosti mwaka huo waandishi watatu Weusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore walifanya hila. Walijivika mavazi ya kifahari, wakakodi gari kubwa, wakajifanya wajumbe wa nchi ya Afrika iitwayo Goban, nchi isiyokuwapo duniani. Wakaingia hoteli moja baada ya nyingine katika barabara hiyo. Nyingine ziliwakatalia, lakini nyingine ziliwapokea, zikawawekea vitambaa mezani na kuwaita waheshimiwa. Wangeingia na suti zao za kila siku na Kiingereza chao cha Baltimore, wasingepewa hata maji.

Tazameni jambo hilo vizuri. Mwafrika mwenye kanzu alipewa sahani, na mwenye nchi akafukuzwa. Baadhi yetu bado tunavaa kanzu ya Goban kila asubuhi. Tunapoona tumedhaniwa kuwa watu wa hapa, tunaharakisha kutaja tulikotoka, kuonyesha lafudhi, kusema sisi ni wasomi na wachapakazi, si kama wale. Nimelisikia neno hilo la “wale” katika harusi zetu, jikoni na barazani, nami sina haja ya kulipamba.

Baba mmoja katika jamii yetu alimkataza binti yake kwenda Nyumburu. Alikuwa mwaka wa kwanza, na alikuwa ameanza kuimba huko jioni. Jambo hili lilizungumzwa mbele ya watu siku ya karamu ya Pasaka, na wahusika wameniruhusu kuliandika bila majina.

Baba akasema, “Mwanangu, sikukuleta nchi hii ukapige kelele na watu wenye hasira. Sisi hatukuletwa hapa kwa minyororo. Nenda kasome.”

Binti akajibu kwa adabu, macho chini, “Baba, lile jina la mlangoni ni la lugha yako. Wao wanajua maana yake. Mimi niliulizwa nikashindwa.”

Mama yake mkubwa, aliyekuwa akigawa wali, aliacha upawa sufuriani. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha baba akauliza kwa sauti ya chini waliuliza nini, na binti akasema waliuliza kama neno “uhuru” lina wingi.

Mimi namwelewa baba yule. Mtu aliyefanya kazi za usiku miaka kumi na tano ili mtoto afike chuo kikuu ana haki ya kuogopa chochote kinachoweza kumpotezea muda. Lakini hoja yake ya minyororo haisimami. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, iliyofuta utaratibu wa kupendelea watu wa Ulaya, ilipitishwa katika wimbi lile lile la mapambano ya haki za raia ambalo wale wenye hasira walilianzisha kwa miguu na vichwa vyao. Bahati nasibu ya viza iliyotokana na sheria ya 1990, ambayo baadhi ya familia zetu ziliingilia, ilipandwa juu ya shina hilo. Na usiku wa tarehe 20 Mei 2017, Luteni Richard Collins, kijana Mweusi wa miaka 23 aliyebakiza siku chache kupata shahada yake katika chuo jirani cha Bowie State, alichomwa kisu na kuuawa na mwanafunzi Mzungu akiwa kituo cha basi ndani ya chuo hicho cha College Park. Muuaji alihukumiwa kwa kosa la kuua kwa makusudi. Hakumuuliza marehemu kama mababu zake waliletwa kwa minyororo au kwa ndege. Mahali pa kumkumbuka kijana huyo palizinduliwa chuoni mwaka 2022, na wanafunzi wanaosubiri basi jioni, wakiwamo wa kwetu, hupita hapo.

Chapati mia mbili

Tuseme sasa habari za shughuli zenyewe, maana zina mazuri yake na vichekesho vyake.

Zipo za aina nyingi. Mwezi wa Februari ni wa historia ya Watu Weusi, desturi iliyoanza kama juma moja mwaka 1926 kwa juhudi za Carter Woodson, mwanahistoria aliyeishi Washington. Kuna usiku wa mavazi, usiku wa mashairi, mikutano ya majopo ambapo watu wanne hukaa mbele na maji ya chupa na kuzungumza, maonyesho ya bendera, na mahafali ya pembeni ambapo wahitimu huvaa mishipi ya kente mabegani. Kwaya ya nyimbo za Injili ya Nyumburu ukiisikia mara moja utaacha kuuliza kituo kile kina faida gani.

Aghalabu sisi hutajwa linapokuja suala la chakula. Simu hupigwa siku tatu kabla: Shangazi, tunaomba chapati mia mbili na sambusa. Shangazi huamka alfajiri, hukanda, hupika, gari zima linanukia samli, na chakula kinakwisha kwa nusu saa. Hakuna anayemuuliza shangazi jambo lolote zaidi ya kichocheo chake. Nasema wazi kwamba utofauti wa namna hiyo, wa ngoma na sambusa, ni mwepisi mno. Kumkaribisha mtu ni pamoja na kumpa kiti na kumsikiliza, na shangazi yule, aliyefundisha hesabu Morogoro miaka ishirini, alikuwa na mengi ya kusema kwenye jopo.

Nasi wenyewe tuna mizaha yetu. Katika tamasha moja la umoja wa mataifa, binti wa kwetu alipanda jukwaani kwa madaha akiwa amejifunga kanga ya mama yake yenye maandishi “Hasidi hana sababu”. Mama watatu waliokuwa nyuma walijificha nyuso kwa mitandio. Wengine ukumbini walipiga makofi na kusifu rangi.

Kwanzaa nayo, inayofanywa tangu tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, inatutia kigugumizi. Mtu hukusalimu “Habari gani?” na jibu linalotakiwa ni jina la nguzo ya siku hiyo: Umoja, Kujichagulia, na kuendelea hadi saba. Wazee wetu hujibu “Nzuri, sijui wewe,” na mazungumzo hukwama hapo. Siku ya tatu ni Ujima. Waliosoma siasa Tanzania miaka ya sabini na themanini wanakumbuka ubaoni: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Kwao ujima ni mtu wa kale aliyevaa ngozi. Kwa Wamarekani Weusi ni watu kusaidiana kazi, na huo ndio uliokuwa maana yake ya kwanza vijijini kabla haujaingia katika vitabu vya siasa. Inawezekana wao wamelihifadhi neno vizuri kuliko sisi.

Kisanduku kipi?

Lipo jambo jingine la chuoni ambalo halina sherehe wala chapati, nalo ni fomu. Mtoto anaulizwa asili yake na kupewa visanduku vya kutia alama. Katika familia moja tunayoijua sote, bibi mmoja wa Zanzibar ana wajukuu wanne waliosoma vyuo vya Marekani. Mmoja alitia alama Mweusi. Wa pili, kwa kuwa babu mzaa baba ni wa Kutch, alitia Mwasia. Wa tatu alitia “nyingine” na kuandika Mswahili, akaitwa ofisini aeleze. Wa nne aliacha wazi. Bibi alipoelezwa alisema, “Basi mimi nina wajukuu wa nchi nne na nyumba moja.”

Watoto wa Kongo ya mashariki waliopitia kambi za wakimbizi wana tabu tofauti. Wao husemwa ni Waafrika, wakifika kwenye chama cha wanafunzi wa Afrika hukuta mazungumzo ni ya Lagos na Accra, wakija kwetu hucheka lafudhi ya Unguja nasi tukacheka ya kwao. Na majirani zetu wa hapa Riverdale Park kwa wingi ni watu wa El Salvador na Guatemala, ambao watoto wao husoma na wetu tangu chekechea. Wakifika chuoni hupangwa katika miezi mbalimbali ya mwaka, kila kundi na mwezi wake, kama zamu ya kuteka maji.

Mambo haya pia yamekuwa na upinzani mahakamani, na si leo wala jana. Chuo hicho kilikuwa na msaada wa masomo kwa wanafunzi Weusi uliopewa jina la Benjamin Banneker, mnajimu Mweusi wa Maryland aliyezaliwa 1731. Mwanafunzi mwenye asili ya Kihispania, Daniel Podberesky, alishtaki kwamba amefungiwa nje. Mwaka 1994 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaamua msaada huo usitolewe kwa kufuata rangi, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza rufani. Msaada uliunganishwa na mwingine, ukawa wa wote. Juni 2023 Mahakama Kuu ilizuia vyuo kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilitoa amri dhidi ya mipango ya utofauti, na tarehe 14 Februari wizara ya elimu ikaviandikia vyuo waraka wa kuvitisha kwamba fedha zao ziko hatarini. Agosti 2025 jaji wa shirikisho katika jimbo hili la Maryland aliufuta waraka huo. Katika majimbo kama Texas na Florida ofisi za mipango hiyo zilikuwa zimekwisha fungwa kwa sheria za majimbo tangu 2023 na 2024.

Wazazi wa kwetu waliposikia habari hizo, wengine walisema afadhali, watoto wasome. Wengine walinyamaza, hasa wale ambao karatasi zao bado hazijakamilika, na kunyamaza kwao nakuheshimu. Lakini yule binti wa kwaya aliniambia kitu ambacho sijaweza kukijibu. Alisema ofisi zinaweza kubadilishiwa majina kila anapokuja rais mpya. Lakini Nyumburu ilianza mwaka 1971 na wanafunzi waliohitaji mahali pa kukaa, kwa hiyo itakuwapo kadiri wanafunzi wanavyokwenda kukaa. Kisha akaniuliza kwetu wangapi wanakwenda. Nilihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kikabaki.

Baba yake alikwenda Novemba iliyopita, bila kumwambia. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na koti lake mwilini. Kwaya ilipomaliza, mzee mmoja wa Baltimore mwenye mvi alimsogelea, akamsalimu “Habari gani?” kwa lafudhi yake. Baba akajibu “Nzuri,” halafu akasita, akamuuliza kama leo ni siku ya nguzo. Mzee akacheka, akamwambia Kwanzaa bado mwezi mmoja. Walikaa wakizungumza mpaka taa zilipoanza kuzimwa. Mzee alitaka kujua jinsi ya kulitamka vizuri neno kujichagulia, ambalo alikuwa akilisema miaka hamsini kwa kukisia. Baba akamtamkia silabi baada ya silabi. Naye akamuuliza mzee ilikuwaje chuoni hapo mwaka 1971.

Mwaka huu mama wawili wa jamii yetu, na shangazi wa Morogoro mmojawapo, wameombwa kuzungumza na wanafunzi juu ya Kiswahili jioni moja ya Februari. Vijana wanaotaka kufuatana nao waandikishe majina kwa katibu wa kamati kabla ya Januari kwisha, ili magari yapangwe. Wanaoweza kutembea, njia ya zamani ya tramu inapita karibu na stesheni yetu na kuelekea moja kwa moja College Park. Shangazi ameuliza apike nini, na ameambiwa safari hii asipike.